Namna ya kumweleza daktari kwamba uliwahi kutumia dawa za kulevya, unapokwenda kutibiwa akili

Mwongozo huu ni wa mtu aliye Mbeya, Iringa, Njombe, Songwe au popote huku Nyanda za Juu Kusini, ambaye usiku halali, au anasikia sauti, au moyo umemzama kiasi kwamba hata shamba halimvutii tena, na sasa ameamua kwenda hospitali. Kuna jambo moja linamkaba. Aliwahi kuvuta bangi, au kutumia unga (heroini), au kunywa gongo mpaka mikono ikawa inatetemeka asubuhi, na hajui aseme au anyamaze.

Jibu langu ni sema, na useme siku ya kwanza, kabla daktari hajaandika dawa. Lakini kusema nako kuna namna yake. Wengi wetu tumelelewa kanisani au msikitini, na neno "nilivuta" linatutoka kama maungamo: kichwa chini, sauti ya kunong'ona, na ahadi kwamba hatutarudia. Daktari hahitaji toba yako. Anahitaji jina la kitu, kiasi chake, njia uliyokitumia na tarehe. Ukimpa hayo manne umemsaidia kuliko ukimlilia nusu saa.

Jua anachokitafuta daktari

Sonona, yaani ile huzuni nzito isiyoondoka, haina kipimo cha damu. Wala skizofrenia haina, ule ugonjwa wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo, wala ugonjwa wa hisia mseto, ambapo mtu hupanda kwa furaha kupita kiasi kisha huzama kwenye huzuni. Maabara husaidia kuondoa magonjwa mengine yanayovuruga akili, kama malaria iliyopanda kichwani au kaswende ya siku nyingi, lakini ugonjwa wenyewe hutambuliwa kwa kumtazama mgonjwa na kusikiliza maelezo yake na ya ndugu zake.

Sasa chukua kijana wa Mafinga anayefanya kazi ya kupasua mbao, ambaye ameanza kusikia watu wakimsema nyuma ya ukuta. Sauti hizo zinaweza kuletwa na bangi. Zinaweza kumjia mtu aliyekuwa akinywa gongo kila siku, akakatisha ghafla juzi. Zinaweza pia kuwa mwanzo wa skizofrenia, ambayo kwa wanaume mara nyingi hujitokeza kuanzia mwishoni mwa ujana hadi miaka ya ishirini, umri ule ule ambao vijana wengi wanakuwa wameshaonja bangi. Anayesikia anasikia sauti zile zile. Anayetibu ana njia tatu tofauti mbele yake, na yule wa gongo anaweza kufa asipohudumiwa upesi.

Kuchanganyikiwa kulikoletwa na kilevi kwa kawaida hutulia ndani ya mwezi mmoja baada ya kuacha. Huzuni iliyoletwa na pombe mara nyingi huanza kupungua kati ya wiki 2 na 4. Dalili zikizidi hapo, daktari anaanza kufikiria ugonjwa unaojitegemea. Ndiyo maana anang'ang'ania kujua siku ya mwisho ulipotumia, kwa sababu hapo ndipo anapoanzia kuhesabu. Hii haina maana kwamba atakuacha mwezi mzima bila tiba. Ataanza na kinachokuumiza sasa, huku akifuatilia kitakachobaki.

Sababu ya pili ni dawa zenyewe, na hapa kunyamaza kunaweza kukuumiza vibaya. Diazepamu, ile ambayo watu wanaijua kwa jina la Valium, ikikutana na unga, methadoni (dawa wanayopewa waliozoea unga) au pombe nyingi, pumzi hupungua na inaweza kukatika kabisa. Tramadoli, ile ya kutuliza maumivu, ikikutana na dawa za sonona kama fluoksetini au amitriptilini huongeza hatari ya degedege, na inaweza kuleta homa, kutetemeka na kuchanganyikiwa. Moshi wa sigara au wa bangi hulifanya ini liondoe haraka baadhi ya dawa za akili, olanzapini ikiwa mojawapo. Mvutaji anaweza kuonekana dozi haimfikii ikaongezwa. Akiacha kuvuta bila kumwambia daktari, dawa ile ile inamzidi na analala mchana kutwa. Na aliye kwenye methadoni akianzishiwa dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, methadoni inashuka mwilini na arosto, yaani mateso ya mwili unaokosa unga, inarudi ingawa hajakosa dozi hata siku moja. Daktari anaweza kuyapanga yote hayo vizuri, ila hawezi kupanga asichokijua.

Kuna jambo lingine la huku kwetu ambalo sijaona likielezwa vya kutosha. Mikoa yetu ina ufugaji mkubwa wa nguruwe, na mayai ya tegu wa nguruwe yakimwingia mtu, viluwiluwi vyake vinaweza kukaa kwenye ubongo na kuleta kifafa. Daktari aliyezoea Nyanda za Juu akiona mtu mzima ameanza kuanguka, anaweza kulifikiria hilo mapema, na yuko sahihi kulifikiria. Lakini kama ulianguka siku ya pili baada ya kuacha gongo, au usiku ulipomeza vidonge vingi vya tramadoli, hilo ni jambo jingine kabisa. Usipolitaja unaweza kuondoka na dawa za kifafa za miaka wakati ulihitaji tiba ya pombe.

Usiache ghafla ili uonekane msafi

Hili naliweka kabla ya hatua nyingine kwa sababu watu wengi hulifanya kwa nia njema. Mtu anapanga kwenda hospitali Jumatatu, basi Ijumaa anaacha kila kitu ili akifika aseme "nimeshaacha".

Kama ni bangi, utakosa usingizi na hamu ya kula, na hasira zitakuwa karibu, lakini utavuka. Kama ni unga, arosto huanza saa 8 hadi 12 baada ya mara ya mwisho, hupanda zaidi siku ya pili na ya tatu, kisha hulegea ndani ya wiki hivi. Inatesa sana, ingawa kwa mtu mwenye mwili wenye afya mara chache huua. Hatari yake kubwa iko mbele: mwili uliopumzika hauna tena uwezo wa kubeba kiasi kile cha zamani, na wengi wanaokufa kwa kuzidisha ni wale waliorudia dozi yao ya kale baada ya kukaa kituo cha mahabusu, gerezani au soba (nyumba ya kuachia dawa za kulevya). Mwambie daktari ulikaa muda gani bila kutumia, halafu mweleze ukweli kama unahisi kurudi.

Pombe ya kila siku, na vidonge vya diazepamu vya kila siku, ni habari nyingine. Hivyo viwili usivikatishe mwenyewe nyumbani. Kwa pombe, kutetemeka na jasho huanza ndani ya saa 6 hadi 24, degedege huja zaidi ndani ya saa 48 za mwanzo, na siku ya pili au ya tatu mtu anaweza kuchanganyikiwa, kupata homa na kuona wadudu wakimtambaa. Hali hiyo inaua. Huko vijijini inachukuliwa kuwa ni kulogwa, mgonjwa anapelekwa kwa mganga au kwenye maombi, na saa za kumwokoa zinapita. Ukimwona mtu yuko hivyo, mkimbize hospitali usiku huo huo, na neno la kwanza mapokezini liwe: "Alikuwa anakunywa pombe kila siku, ameacha juzi." Maombi yanaweza kuendelea akiwa wodini.

Andika kabla hujatoka nyumbani

Chukua karatasi moja ya daftari. Chumbani kwa daktari moyo unakwenda mbio, foleni iko nyuma yako, na mambo uliyoyapanga njiani yote yanayeyuka. Karatasi haina aibu, na ukishindwa kuongea unaweza kumkabidhi tu asome.

Andika kila kitu ulichotumia, kwa jina unalolijua wewe. Usihangaike na majina ya vitabuni. Bangi ni bangi, unga ni unga, mirungi ni mirungi. Ila majina ya mchanganyiko yaeleze ndani yake kuna nini, maana kokteli ya kijiwe kimoja si ya kijiwe kingine: wengine wanachanganya unga na bangi, wengine wanaweka vidonge. Kama hukujua ulichopewa, andika hivyo hivyo, na ueleze kilikufanya uhisi nini.

Usisahau vile ambavyo jamii haivihesabu. Ulanzi, komoni, kimpumu na gongo vyote ni pombe, hata kama babu alikuwa anakunywa na akafika miaka themanini. Vidonge vya kutuliza maumivu ulivyokuwa unanunua duka la dawa bila cheti vinahusika. Gundi na petroli ulivyonusa ukiwa mdogo vinahusika. Sigara na ugoro pia. Na dawa za mizizi ulizopewa ukanywa, ziandike, kwa kuwa baadhi zinagongana na dawa za hospitali, na daktari mzuri hatakusimanga kwa kupita kwa mganga kwanza.

Halafu njia: kuvuta, kunusa, kumeza, au kujidunga. Kama uliwahi kujidunga hata mara moja, liandike peke yake kwenye mstari wake, kwa sababu utahitaji kupimwa VVU na homa ya ini aina ya B na C.

Kiasi ndicho kinachosumbua watu. Bangi taja misokoto kwa siku. Unga taja kete, yaani vile vipakiti vidogo. Gongo taja vikombe au chupa, ulanzi taja lita. Kama hukuwa unahesabu, taja pesa: "nilikuwa namaliza elfu tano kila siku" ni jibu ambalo daktari anaweza kulifanyia kazi. Usikate nusu kwa aibu. Daktari anaweza kukuandikia dawa ya kutuliza arosto au mtetemo wa pombe kwa kufuata kiasi ulichotaja, na ukitaja nusu, utatulizwa nusu.

Tarehe nazo zinapotea, hasa kwa mtu ambaye miaka mingine imepita kama ukungu wa Mbeya Peak. Tumia matukio. Ulianza ukiwa kidato cha ngapi? Ilikuwa kabla au baada ya viroba kupigwa marufuku Machi 2017? Uliacha kabla ya Nane Nane au baada yake? Kama ni ulanzi, andika kama unakunywa msimu wa mvua tu, wakati mianzi inagemwa, au kiangazi unahamia komoni na gongo. Tofauti hiyo inamwambia daktari kama mwili umekwisha kuzoea.

Mwisho andika kilichotangulia. Ulianza kuvuta ndipo usingizi ukapotea, au usingizi ulipotea ukaanza kuvuta ili ulale? Huenda hili ndilo swali zito kuliko yote, na mara nyingi mama, dada au rafiki wa utotoni analijua vizuri kuliko wewe. Waulize kabla hujaondoka.

Karatasi ya kijana mmoja wa kubuni, mbeba mizigo wa Mwanjelwa, ingeweza kusomeka hivi:

"Bangi, kuvuta. Nilianza kidato cha pili. Misokoto 3 hadi 4 kwa siku. Mara ya mwisho wiki moja kabla ya Pasaka. Unga, kuvuta, sijawahi kujidunga. Miezi minne mwaka jana nilipokuwa Tunduma, kete 2 kwa siku. Niliacha mwenyewe, niliumwa siku tano. Gongo mwisho wa wiki, vikombe viwili. Tramadoli, vidonge 2 vya miligramu 50 nikiwa na mizigo mizito, mara ya mwisho jana. Sauti nilianza kuzisikia Januari, wakati huo navuta bangi tu. Bangi nimeacha lakini sauti hazijaondoka. Baba yangu mdogo naye aliugua akili."

Angalia mstari wa mwisho. Ugonjwa wa akili kwenye ukoo ni sehemu ya habari hii, kwa sababu bangi humsukuma zaidi yule ambaye damu yake ina mwelekeo huo.

Chukua pia maganda ya vidonge na kadi zako za kliniki zote. Usibebe kete wala msokoto mfukoni kwa nia ya kumwonyesha daktari. Kueleza ulichotumia ni sehemu ya matibabu. Kukutwa nacho mkononi ni kosa la jinai.

Pa kuanzia

Huna haja ya kusubiri nauli ya kwenda Mirembe, Dodoma. Anza zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, uombe barua ya rufaa kama hawana mtaalamu wa akili. Hospitali za rufaa za mikoa zinapokea wagonjwa wa akili, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ndiyo kubwa ya ukanda huu. Hiyo ya Kanda ina pia kliniki ya methadoni, tiba ambayo kwa Tanzania Bara ilianzia Muhimbili mwaka 2011. Methadoni ni ya waliozoea unga na dawa za jamii yake tu. Haitibu bangi, wala pombe, wala mirungi. Hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, kwa hiyo anayetoka Kyela au Makambako lazima aongee mapema na wahusika jinsi atakavyoishi karibu. Gharama zikikushinda, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii hapo hapo hospitalini kabla hujakata tamaa ukarudi nyumbani.

Shida ya miji yetu ni kujuana. Muuguzi wa zamu anaimba kwaya na mama yako, mtu wa dirisha la dawa alisoma na dada yako. Ukiona hali iko hivyo, si woga kupanda gari ukatibiwa mji wa pili. Mtu wa Ilula akienda Iringa mjini, au wa Tukuyu akienda Mbeya, nauli hiyo imelipia utulivu wa kusema kila kitu. Ila kama hali ni ya dharura, nenda palipo karibu bila kuangalia nani yuko zamu.

Ndani ya chumba

Omba kuwa peke yako na daktari, japo kwa dakika tano. Ndugu aliyekusindikiza ana haki ya kueleza aliyoyaona, na maelezo yake ni muhimu, lakini si lazima asikie yako yote. Kuna mke kijana anayeletwa na baba mkwe wake, na kwa desturi ya Wanyakyusa wawili hao wanakaa mbali kwa heshima. Huyo hawezi kufungua kinywa mzee akiwa pale. Unaweza kulisema kwa upole mlangoni: "Naomba baba apumzike nje kidogo, nitaongea na daktari kwanza." Daktari mwenye busara atalimalizia yeye. Kama unaongea Kisafwa, Kihehe au Kibena zaidi ya Kiswahili, omba muuguzi akutafsirie badala ya mtoto wako.

Hospitali ya Kanda Mbeya inafundisha wanafunzi wa udaktari, kwa hiyo unaweza kukuta makoti meupe sita yamekuzunguka. Unaruhusiwa kuomba watoke.

Sasa sema. Salimia kama unavyosalimia mtu wa umri wake, kisha nenda moja kwa moja:

"Shikamoo daktari. Nimekuja kwa sababu silali na nasikia sauti. Kabla hujaniandikia dawa, kuna vitu niliwahi kutumia, nimeviandika hapa."

Inatosha. Mama mtu mzima mbele ya daktari kijana anaweza kusema: "Mwanangu, haya ninayokuambia hata watoto wangu hawayajui. Nakunywa kila siku tangu baba yao afariki. Nikikosa, natetemeka." Sentensi fupi kama hizo zinampa daktari kila anachohitaji kuanzia.

Kama bado unatumia, sema unatumia. "Niliwahi" na "natumia" ni matibabu mawili tofauti, na ni rahisi kujificha nyuma ya neno la kwanza.

Yapo mengine ya kutaja hata usipoulizwa. Kama umefikiria kujiua au umewahi kujaribu, sema waziwazi, kwa sababu baadhi ya dawa za sonona, amitriptilini hasa, ni hatari zikimezwa nyingi kwa mpigo, na daktari anaweza kuamua kukupa za siku chache au kumkabidhi ndugu akutunzie. Kama una mimba, unapanga kubeba au unanyonyesha, sema, maana dawa kama valproeti humdhuru mtoto tumboni. Kwa wanawake najua uzito wake ni mara mbili: mwanaume akisema alivuta anaitwa mhuni, mwanamke anaulizwa kama anafaa kulea. Hata hivyo mtoto huyo huyo ndiye sababu kubwa ya kusema. Na kama unatumia ARV, jambo la kawaida katika mikoa yetu, zitaje kwa majina au onyesha kopo. Baadhi zinagongana na methadoni, na efavirenzi yenyewe inaweza kuleta ndoto mbaya na huzuni.

Daktari akiomba mkojo wa kupima dawa za kulevya, uliza ni kwa ajili ya nini na majibu yatakwenda wapi. Bangi inaweza kuonekana wiki kadhaa baada ya kuacha kwa mtu aliyekuwa akivuta kila siku, kwa hiyo kipimo kikisema ipo, hakikufanyi mwongo. Mkumbushe tarehe yako.

Siri na polisi

Woga huu ni wa kweli. Kutumia na kumiliki dawa za kulevya ni kosa chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na hakuna asiyemfahamu kijana aliyekamatwa. Lakini serikali hiyo hiyo ndiyo iliyofungua kliniki za methadoni, na watu wanaingia huko kila asubuhi wakiwa wameshasema wazi walichokuwa wakitumia. Daktari anabanwa na maadili ya taaluma yake kutunza siri ya mgonjwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka habari za afya kwenye kundi la taarifa nyeti.

Siri hiyo ina mipaka, na ni vizuri uijue kabla ya kuanza: pale ambapo kuna hatari ya kujiua au kumdhuru mtu, pale mtoto anapoumizwa, au mahakama inapoamuru. Muulize tu: "Haya yataandikwa wapi, na nani atayasoma?" Kama unatumia bima ya kazini, muulize ni nini kitaandikwa kwenye fomu. Ukihitaji karatasi ya mapumziko kwa mwajiri au mwalimu, omba iandikwe siku za kupumzika bila kutaja ugonjwa.

Akikujibu vibaya

Wapo watakaokujibu vibaya, sitakuficha. Nimeketi kwenye benchi la kituo kimoja nikimsindikiza ndugu yangu, nikasikia mtu akiitwa "teja" kwa sauti mpaka foleni nzima ikageuka. Aliondoka bila dawa. Ikikutokea, usiondoke bila dawa. Vuta pumzi, rudi kwenye ugonjwa wako: "Daktari, nimekuja kwa ajili ya sauti. Naomba unitibu hizo." Akikataa, omba kuonana na mganga mfawidhi (mkuu wa kituo) au muuguzi wa afya ya akili. Ofisi ya ustawi wa jamii nayo hupokea malalamiko ya namna hiyo.

Jibu la pili baya ni la kistaarabu zaidi: "Acha kwanza bangi, ndipo urudi nikutibu akili." Halafu anayekusaidia kuacha anakwambia tibu kwanza akili. Mgonjwa anapigwa danadana mpaka anachoka. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa vituo visivyo na mabingwa unaelekeza hali zote mbili zishughulikiwe kwa pamoja. Unaweza kuuliza kwa heshima: "Kwa muda huu ninaojitahidi kuacha, nitatumia nini ili nilale?" Swali hilo linamrudisha kwenye tiba bila kubishana naye.

Ukirudi kliniki

Ziara ya kwanza mara nyingi huwa fupi, na dawa nyingi za sonona huchukua wiki 2 hadi 4 kuonyesha nafuu. Katika muda huo wengine huteleza. Ukiteleza, usiikimbie tarehe ya kliniki. Ongeza mistari miwili kwenye karatasi ile ile: siku gani, kitu gani, kiasi gani, na kama ulimeza dawa za hospitali siku hiyo au uliziruka. Wengi huziruka kwa kuogopa kuzichanganya na pombe, kisha wanaacha kabisa. Muulize daktari mapema ufanye nini siku kama hiyo, ili usiamue mwenyewe usiku wa manane.

Na ukihama, labda umepata kibarua kwenye mashamba ya chai Mufindi au umefuata mavuno ya mpunga Mbarali, omba muhtasari wa matibabu kabla hujaondoka, wenye majina ya dawa, dozi, na historia uliyokwisha kuitoa. Daktari mpya ataisoma mwenyewe, nawe utabaki na kazi ya kumwambia kilichobadilika tangu hapo.